Je, Ni Haki Kuomba Nichaguliwe Mimi? Neno kwa Wanaongojea Kazi ya Kuongoza Ndege



Kuna jambo linaloletwa kwetu mashemasi kila mara kazi inapotangazwa. Mama anakuja na karatasi ndogo mkononi. Ameandika jina la mtoto wake, mwaka wa kuzaliwa, na kazi anayoitafuta. Anasema, "Baba Shemasi, wekeni jina hili katika maombi, lichaguliwe." Tunalipokea jina na tunaliombea. Hakuna wa kumlaumu mama anayemwombea mtoto wake.

Lakini tuwatazame vijana wanaotafuta kazi ya kuongoza ndege, yaani wale wanaokaa katika mnara wa kiwanja na kusema na marubani kwa redio. Nafasi za kazi hiyo ni chache sana, na wanaoweka dosie ni wengi. Tuseme vijana wawili wa parokia moja wamefanya konkuru, na nafasi iliyobaki ni moja. Usiku wa maombi wanapiga magoti juu ya mkeka mmoja. Huyu anasema, Bwana, nichague mimi. Yule naye anasema, Bwana, nichague mimi. Mama wa huyu amefunga siku tatu, na mama wa yule amefunga siku tatu. Mungu ni Baba wa wote wawili. Amsikie nani? Na yule anayeomba achaguliwe, je, hakuomba pia, bila kulitamka, kwamba mwenzake aachwe?

Hilo ndilo swali letu. Wengine watasema ni swali la watu wenye nafasi ya kufikiri sana. Mimi naona ni swali la kila nyumba yenye kijana aliyepata Diploma ya Serikali, akapakwa poda kichwani siku ya furaha, na sasa anangoja.

KAZI YENYEWE NI YA NAMNA GANI

Sisi watu wa Kamina tunaijua reli. Njia inayotoka Lubumbashi inafika hapa, kisha inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Kananga na Ilebo, ambako reli ilifika mwaka 1928, na mkono mwingine unakwenda Kabalo na Kalemie. Njia ni moja tu. Treni mbili zikiingia katika kipande kimoja cha njia, zitakutana uso kwa uso. Ndiyo sababu yupo shefu wa gare, mkuu wa stesheni. Mashinisti akiwa na haraka namna gani, hata akiwa amebeba mkubwa, haondoki mpaka amepewa njia.

Angani nako ni hivyo, lakini hakuna reli inayoonekana. Mwongoza ndege ndiye anayempa kila rubani urefu wake wa kuruka, zamu yake ya kushuka, na ruhusa ya kuondoka. Ndege mbili zikipishana juu ya mahali pamoja, kwa kawaida zinapaswa kuachana kama mita 300 kwenda juu. Rubani aliye ndani ya mawingu hamwoni mwenzake. Anaiamini sauti ya mtu ambaye huenda hajawahi kuonana naye.

Kwa hiyo kazi hii ina masharti. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia safari za ndege, ICAO, lilizaliwa na mapatano yaliyotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Kwa kanuni zake, mtu hapewi leseni ya kuongoza ndege kabla ya kutimiza miaka 21. Daktari anampima macho, masikio na afya yote. Anasoma, halafu anafanya kazi chini ya jicho la mkubwa wake kabla ya kuachiwa redio. Na tangu Machi 2008, anayeongoza ndege za kimataifa lazima aonyeshe kwamba anasema lugha ya redio, mara nyingi Kiingereza, angalau kwa daraja la 4 katika madaraja 6. Katika nchi yetu kazi hiyo iko mikononi mwa shirika la Serikali liitwalo RVA, lililoanzishwa mwaka 1972.

Hapa Kamina vijana wetu hawakuota ndoto hii bure. Wazee wanakumbuka base kubwa ya Wabelgiji nje ya mji, iliyojengwa baada ya vita vya pili vya dunia. Tangu 1953 palikuwa hapo shule ya marubani wa jeshi la Ubelgiji. Wazazi wetu walizitazama ndege zile wakiwa mashambani, jembe mkononi. Mwaka 1960, uhuru ulipofika na Wazungu wengi waliofanya kazi viwanjani wakaondoka, ilibidi Umoja wa Mataifa na ICAO walete mafundi wa nchi nyingine ili ndege ziendelee kushuka na kuruka nchini. Tunajifunza nini? Kwamba kiti cha mnara hakijazwi kwa kukitamani. Kinajazwa na mtu aliyetayarishwa. Nchi isiyotayarisha watu wake huazima walinzi kwa jirani.

KITI NI CHA NANI?

Tunapogombania nafasi, tunasema "kiti changu", "bahati yangu", "mkate wangu". Naomba tusimame hapo kwanza. Kiti cha mnara ni cha nani hasa?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anasema juu ya mlinzi. Watu wa nchi wanamchukua mtu mmoja kati yao na kumweka awe mlinzi wao. Akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itadaiwa mkononi mwake. Tuangalie vizuri jambo hilo. Mlinzi hakuwekwa ili yeye apate kula. Atakula, kwa sababu mtenda kazi anastahili ujira wake, lakini aliwekwa kwa ajili ya wale waliolala. Kiti chake ni mali ya wale wasiomwona.

Basi kiti cha mwongoza ndege ni cha msafiri. Ni cha yule mama anayepelekwa Lubumbashi kupasuliwa, ambaye familia yote imekusanya falanga kwa tiketi yake. Ni cha mwanafunzi, cha mfanyabiashara, cha mtoto aliyebebwa mgongoni. Hao hawakuweka dosie, hawakuja katika konkuru, hawapo wakati majina yanaposomwa. Hata hivyo wao ndio wenye haki kubwa kuliko wote katika uchaguzi huo.

Nitoe mfano wa kweli. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakienda kupumzika likizo. Anga la pale liliongozwa kutoka Zürich, Uswisi. Usiku ule mwongoza ndege mmoja alibaki peke yake kazini. Mwenzake wa zamu alikuwa amekwenda kupumzika, kama ilivyozoeleka, na wakubwa waliliachilia zoea hilo. Mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo, na simu za kawaida hazikufanya kazi. Mtu yule alikuwa akiangalia meza mbili kwa wakati mmoja. Alipoona kwamba ndege mbili ziko katika urefu mmoja, ilikuwa imebaki chini ya dakika moja. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa kampuni iliyosimamia kazi ile, na watatu kati yao walikuwa wakuu.

Ndugu zangu, nchi ile ina fedha, ina mitambo, ina shule. Hata hivyo, upungufu wa mtu mmoja katika kiti, kwa muda mfupi, ulileta msiba kwa nyumba nyingi. Na mahakama ilitambua kwamba mzigo si wa aliyeketi tu. Ni wa wale pia waliomweka na jinsi walivyomweka. Ezekieli naye alisema watu ndio wanaomchagua mlinzi. Kumbe anayechagua naye yuko chini ya hukumu.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama mwenye karatasi ndogo ni hili. Mama, jiulize: siku wewe mwenyewe utakapopanda ndege, na mvua imefunga, unataka nani awe katika mnara? Mtoto wa mwenye kufunga siku nyingi, au yule anayeiweza kazi? Ukijibu kwa moyo mnyofu, umekwisha kujua namna ya kuomba.

"LAKINI KILA MTU ANATOA"

Hapa kuna neno ambalo vijana wanasema kwa sauti ndogo, nami sitalificha. Wanasema: "Shemasi, unasema vizuri, lakini hujui mambo ya mjini. Nafasi inatafutwa kwa matabishi, au kwa mjomba aliye ofisini, au kwa kabila. Mimi nimesoma. Nisipotoa kitu, atatoa mwingine ambaye hakusoma, naye ndiye atakayeketi. Je, si afadhali nitoe mimi, ili msafiri ampate mwenye akili?"

Neno hili si la kipumbavu. Mtu anayelisema anaweza kuwa na nia njema. Lakini nina majibu mawili.

La kwanza, kila anayetoa anajiona yeye ndiye bora. Sijaona mtu anayetoa matabishi akisema, "Natoa kwa sababu sifai." Konkuru iliwekwa ili mtu asijipime mwenyewe. Unapotia kidole katika mizani, hata kama ungeshinda bila kidole, umewanyima watu wote njia ya kujua. Kesho ukisema "mimi nafaa", nani atakusadiki? Hata wewe mwenyewe usiku, ukiwa peke yako, hutajua.

La pili ni zito zaidi. Kazi ya mnara ni kazi ya kusema "hapana". Kumwambia rubani, usiondoke bado. Kumwambia mwenye haraka, ngoja, njia haijafunguka. Kumwambia mkubwa, gari lako lisivuke hapa. Tarehe 8 Januari 1996, Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov iliyobeba kupita kiasi ilishindwa kuinuka kutoka kiwanja cha N'Dolo, ikaingia katika soko lililojaa watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao waliokuwa wakiuza na kununua chakula cha siku ile. Sisemi kwamba kosa lilikuwa la mnara. Nasema kwamba kiwanja cha ndege ni mahali ambapo kila mfanyakazi, mwenye kupima mzigo, mwenye kutazama injini, mwenye kushika redio, lazima awe mtu awezaye kusema "hapana". Na yule aliyeingia kwa deni, atamwambia nani "hapana"? Aliyemnunulia kiti atakuja siku moja kuomba alipwe, naye hatakuja kuomba falanga. Ataomba "ndiyo" mahali panapotakiwa "hapana".

Tangu 2006 mashirika ya ndege yaliyoandikishwa katika nchi yetu yamekatazwa kuruka katika anga la Ulaya, kwa sababu usimamizi wa usalama ulionekana hautoshi. Aibu hiyo haikuletwa na mtu mmoja. Ililetwa na "ndiyo" ndogo ndogo, nyingi, kila moja ikiwa na sababu yake.

NENO KWA WENYE KARAMA

Baba zetu na mama zetu wenye karama ya maono, nasema nanyi kwa heshima, kama mtoto wa nyumbani. Kijana akija kwenu kuuliza kama jina lake limo katika orodha, mwogopeni Mungu. Mkimwambia "limo", naye akaachwa, atafikiri Mungu ni mwongo, na atatoka kanisani. Mkimwambia "limo", naye akachaguliwa, atafikiri alichaguliwa kwa maono na si kwa kujifunza, naye atashika redio bila kufungua kitabu. Katika njia zote mbili mmemdhuru. Roho wa Mungu hakupewa kanisa ili atuchungulie makaratasi ya ofisi. Mwambieni kijana mambo ambayo Roho hachoki kusema: awe mkweli, ajitayarishe, asiogope.

Liko na jambo baya zaidi, na lazima niliseme wazi. Kijana akiachwa, familia inatafuta aliyemfunga bahati. Macho yanamgeukia nkambo, mama mzee anayekaa jikoni, au shangazi aliyemnyima kitu mwaka uliopita. Wanasema, "Ni ulozi wake." Watu wamefukuzwa katika nyumba kwa maneno kama hayo. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme watu 300 wanafanya konkuru, na nafasi ni 10. Watu 290 wataachwa. Wataachwa hata kama wote 300 ni watakatifu, hata kama wana nkambo 300 wanaowabariki asubuhi na jioni. Namba 290 haikutoka jikoni kwa mama mzee. Ilitoka katika 300 kutoa 10. Anayemshitaki mzee wake kwa sababu ya hesabu ametenda dhambi mbele ya Mungu, na kanisa lisimpe nafasi ya kusema hayo mbele ya madhabahu.

NENO KWA WANAOCHAGUA

Wahenga walisema, subira huvuta heri. Lakini wahenga hao hao walisema pia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Maneno yote mawili ni ya kweli. La kwanza ni la yule anayengoja. La pili ni la yule anayengojesha.

Mwaka mmoja wa kijana ni kitu. Katika kazi hii ni kitu zaidi, kwa sababu umri unahesabiwa. Marekani, kwa mfano, mtu asiye na uzoefu anayetaka kuongoza ndege za Serikali lazima aombe kabla ya kutimiza miaka 31. Vijana wengi kule walisoma katika vyuo vilivyopatana na shirika la anga, FAA, wakafaulu mtihani, wakangoja kuitwa. Mwisho wa 2013 waliambiwa kwamba mpango umebadilika. Mwaka 2014 kila mtu aliombwa kuanza upya, na kwanza ajibu maswali juu ya maisha yake. Waombaji walikuwa zaidi ya 28,000. Wengi waliokwisha kufaulu zamani waliangushwa na maswali yale, wala hawakuelezwa walikosa wapi. Waliobadilisha mpango walisema wanataka kufungua mlango kwa watu wa kila namna, na nia hiyo inaweza kuwa njema. Lakini miaka ya wale waliongojea ilikuwa imekwisha kutumika. Mwaka 2015 wengine walikwenda mahakamani, mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria ya kurekebisha, na mwaka 2018 maswali yale yaliachwa. Kwa aliyekwisha kupita umri, miaka hiyo ni mirefu.

Nimetoa mfano wa mbali ili mtu asifikiri jambo hili ni la nchi maskini tu. Popote pale, anayeshika orodha ameshika siku za watu. Torati inasema, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, kwamba ujira wa mfanyakazi usilale kwako mpaka asubuhi. Mimi naona neno hilo linamgusa pia mwenye kupokea dosie. Jibu ni ujira wa aliyeomba. Hata jibu la "hapana" ni ujira, kwa sababu linamrudishia mtu maisha yake. Anaweza kwenda shambani, au kufundisha, au kuoa. Kumnyamazia mtu miaka mitatu, kisha kumpa tumaini kidogo ili arudi kuuliza, ni kumla siku zake. Kama kati yenu wasomaji yuko anayefanya kazi katika ofisi ya namna hiyo, ofisi yoyote, ajue kwamba "hapana" iliyo wazi, yenye sababu, ni tendo la huruma.

NENO KWA WANAONGOJA

Sasa nanyi vijana. Kungoja na kukaa si kitu kimoja. Mkulima anangoja mvua huku akitengeneza matuta. Mvua ikifika inamkuta tayari. Mwingine anakaa chini ya mwembe na dosie yake katika mfuko wa plastiki, anaeleza kila apitaye kwamba yeye "karibu ataitwa". Hataki kulima kwa sababu atachafua mikono ya mtu wa mnara. Hataki kufundisha kwa sababu mshahara ni kidogo. Miaka miwili anakula bukari ya dada yake. Huyo hangoji, huyo amejizika kabla ya kufa.

Kama unaitaka kazi ya mlinzi, anza leo kuwa mlinzi. Soma Kiingereza, ukisikilize hata kwa redio ndogo, kwa maana daraja la 4 halipatikani kwa usiku mmoja wa maombi. Rudia hesabu na jiografia. Tunza macho na masikio yako. Acha pombe kali, kwa sababu daktari ataona na mikono itasema. Jizoeze kusema maneno machache yaliyo wazi, na kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Rubani akipewa agizo hulirudia lote ili ajulikane kama amesikia sawasawa. Ni tabia nzuri hata nyumbani, hata katika ndoa. Ukifanya hayo yote na usichaguliwe, hujapoteza kitu. Una lugha, una afya, una ulimi uliofungwa vizuri. Kijana wa namna hiyo atapata mahali pengine pa kulinda.

Na kuachwa si laana. Someni Matendo ya Mitume sura ya 1. Nafasi ya Yuda ilikuwa wazi. Waliwekwa watu wawili, Yusufu aitwaye Barsaba, na Mathiya. Wote wawili walikuwa wameandamana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana, wote wawili walifaa. Mitume waliomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Je, imeandikwa kwamba Yusufu alikuwa mwenye dhambi? Haikuandikwa. Imeandikwa kwamba alikanung'unika? Haikuandikwa. Alifaa, na hakuchaguliwa; mambo haya mawili yanaweza kukaa pamoja katika mtu mmoja.

Someni pia Waamuzi sura ya 7. Gideoni alikuwa na watu 32,000. Waliorudi kwa hofu ni 22,000. Katika 10,000 waliobaki, 300 tu walichaguliwa kwa jinsi walivyokunywa maji. Watu 9,700 wasio waoga walirudishwa hemani. Lakini soma mbele, usifunge kitabu. Adui alipokimbia, watu wa Naftali, Asheri na Manase waliitwa wamfuate, nayo ni makabila yaliyokuwa yameitwa tangu mwanzo. Wengi wa walioachwa asubuhi walikuwa na kazi jioni.

BASI TUOMBEJE?

Turudi kwa vijana wetu wawili juu ya mkeka mmoja. Je, ni haki kuomba nichaguliwe mimi? Najibu: ni haki kumwambia Baba haja yako, kwa sababu anaijua kabla hujafungua kinywa. Lakini kuna kipimo. Omba ombi ambalo unaweza kulisema kwa sauti, mwenzako akiwa anakusikia, naye akaweza kuitika Amina.

"Bwana, mwangushe mwenzangu": hataitika. "Bwana, jina langu lipite kwa njia yoyote": hataitika, wala msafiri hataitika. Lakini kijana akisema, "Bwana, nipe akili ya kujibu vizuri yale ninayoyajua, na unizuie kudanganya yale nisiyoyajua. Wape wanaochagua macho safi. Kama niko tayari kwa kazi hii, wanione. Kama yuko aliye tayari kuliko mimi, akae yeye, na wale walio angani wafike salama, nami unionyeshe shamba langu": ombi hilo mwenzake ataliitikia Amina, na mama zao wote wawili wataitika, na hata yule mama mgonjwa aendaye Lubumbashi, asiyewajua, naye angeitika kama angesikia.

Mungu hachanganyikiwi na maombi ya namna hiyo, kwa maana vijana wawili wanaoomba hivyo hawashindani tena. Wanaomba kitu kimoja.

Kwa hiyo mama zetu, endeleeni kutuletea karatasi zenu. Tutaziombea zote pamoja, majina yote katika kikapu kimoja, kwa ombi moja. Na majina yatakapotoka, yule aliyechaguliwa tutamwombea mbele ya wote, kwa sababu mzigo wake umeanza siku hiyo. Yule aliyeachwa tutakwenda kwake nyumbani, tule naye bukari na sombe, tusimwulize maswali mengi, na Jumapili inayofuata tumpe kazi katika kanisa.

Bwana awalinde walio safarini, na awape akili safi wanaokesha kwa ajili yao. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Shemasi, Kamina